Sungura anatoa choo cha mnyororo, na asubuhi nakuta kama zabibu nyeusi. Ni kuharisha au nini?

#1 Kizimba_Tabata
Habari wakuu. Naweka kila kitu mezani ili nisiulizwe mara mbili.

Jike, chotara wa New Zealand mweupe, miezi 14. Mwanzoni mwa mwezi alikuwa na kilo 2.6, leo kilo 2.45 kwenye mizani ya jikoni. Banda la mbao, sakafu ya wavu, lipo kibarazani upande unaopigwa na jua la alasiri. Asubuhi anapewa pumba za mahindi kikombe kimoja cha chai, jioni mchicha na matembele, karoti mara mojamoja. Maji kwenye kopo la plastiki.

Ninachokiona chini ya banda:
a) Goroli zimekuwa ndogo, kavu, nyeusi, nyingine zina ncha kama tone.
b) Tatu au nne zimeunganishwa na nywele, kama ushanga.
c) Asubuhi nakuta kifungu laini, kinang'aa, kinanuka, kama zabibu zilizobanana.

Duka la dawa za mifugo wamenipa unga wa OTC (antibayotiki) niweke kwenye maji, wakasema anaharisha. Bado sijafungua pakiti. Wenye ujuzi?

#2 Mtu_wa_Goba
Bila picha uzi haunogi. Siti ya mbele hapa.

#3 Mkia_Mfupi
Picha ya mavi tena mkuu? Maelezo yake yanatosha.

Mleta mada, umeweka vitu viwili kwenye kapu moja. Sungura mzima ana choo cha aina mbili. Goroli ni za duara, kavu, kahawia au kijani kilichofifia, hazina harufu ya maana. Ibonyeze kwa kijiti: inapasuka na ndani kuna vipande vya nyasi kama maranda ya seremala. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Goroli inayopakaa kama udongo wa mfinyanzi ina nyuzi chache.

Kile kifungu cha zabibu ni choo cha pili. Utumbo mpana wa sungura una kazi ya kuchekecha. Nyuzi kubwa, zile zinazozidi kama nusu milimita, zinasukumwa nje upesi na kuwa goroli. Chembe ndogo pamoja na maji hurudishwa nyuma hadi kwenye ule mfuko mkubwa wa utumbo, sekamu, ambako bakteria huzichachua. Saa kadhaa baadaye, mnyama akiwa amepumzika, yaliyochachuka hutoka yamevikwa ute. Yeye hujikunja, akakivuta choo hicho kwa mdomo kikiwa bado kwenye mlango wa haja kubwa, akameza bila kutafuna. Mle mna protini na vitamini za kundi B na K. Ndiyo maana wengi wanafuga miaka na hawajawahi kukiona.

Kwa hiyo (c) si kuharisha. Kuharisha kwenyewe ni majimaji yasiyo na umbo, na goroli hupotea kabisa. Swali la kujiuliza ni moja: kwa nini anakiacha asikile?

OTC irudishe kabatini.

#4 Seremala_Kimara
Sababu iko wazi, sakafu ya wavu. Kikitoka kinadondoka chini kabla hajakiwahi. Weka ubao, tatizo limeisha.

#5 Mkia_Mfupi
Hapana #4. Nimesema hukichukua mlangoni, hakiokoti sakafuni. Sungura wa mabanda ya wavu dunia nzima wanakila vizuri tu. Wavu unaingia kwenye kesi kwa njia nyingine: waya mwembamba huchubua nyayo za nyuma, na mwenye vidonda nyayoni anaumia akijikunja. Mleta mada, mgeuze umwangalie visigino. Manyoya yakiwa yametoka na ngozi ni nyekundu, weka ubao au mkeka mgumu kwenye nusu ya sakafu, nusu nyingine ibaki wavu ili mkojo upite.

Wengine wasiokifikia ni wanene waliopitiliza na wazee wenye mgongo mgumu. Wako ana kilo mbili na nusu na mwaka mmoja, hayumo humo.

#6 Ukoka_Tegeta
Jamani, mnazunguka mbuyu. Someni tena chakula kwenye #1. Pumba, mchicha, matembele. Nyasi ziko wapi?

Pumba za mahindi za mashine zetu zina unga mwingi uliobaki. Wanga mwingi ukipita utumbo mwembamba bila kumalizika unafika sekamu, bakteria wasiotakiwa wanapata sherehe, na choo cha pili kinatoka kingi, laini, chenye harufu kali hata mwenyewe anakikataa. Hiyo ndiyo (c).

Upande wa pili, goroli hutengenezwa na nyuzi ndefu. Hakuna nyuzi, utumbo hauna cha kusukuma, mwendo unapungua, maji yanafyonzwa mno, goroli inakuwa ndogo na nyeusi. Hiyo ndiyo (a). Mchicha usikudanganye kwa wingi wake. Nusu kilo ya mchicha mbichi ukiikausha unabaki na gramu 50 hivi, kwa sababu tisa ya kumi yake ni maji.

Kipimo cha mtu mzima: nyasi kavu bila kikomo, zijae muda wote, rundo lenye ukubwa wa mwili wake kila siku. Majani mabichi juu yake. Peleti za sungura, kama unatumia, gramu 25 kwa kila kilo ya mwili, yaani kwa huyu kama gramu 60 kwa siku. Pumba zipunguze kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Ukikata ghafla na kumwaga nyasi mpya siku hiyohiyo unampa tatizo la tatu.

#7 Bibi_Karoti
Na hizo nyasi kavu Dar zinapatikana wapi? Msitutajie vyakula vya Ulaya.

#8 Ukoka_Tegeta
Unazitengeneza mwenyewe bibi. Ukoka upo kila kiwanja. Kata kabla haujatoa mbegu, asubuhi umande ukishakauka. Tandaza juu ya turubai, unene wa vidole viwili, jua la siku mbili, geuza mara tatu kwa siku. Vunja bua: likipinda, bado, likilia "ka", tayari. Weka kwenye gunia la katani au kiroba chenye matundu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Nyasi iliyofungwa ikiwa na unyevu inaota ukungu, na nyasi ya ukungu ni heri ukatupa.

Usikate kando ya mitaro wala bonde la Msimbazi maji yakishatapakaa. Usikate palipopigwa dawa ya magugu. Na zile za mashine ya kukata bustani, zilizorundikwa zikapata joto, achia mbolea.

Wanaouza hei (nyasi kavu) ya Rhodes kwa marobota wapo, waulize wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Kibaha na Kigamboni. Robota moja kwa sungura mmoja litakaa muda mrefu.

#9 Joto_la_Mbagala
Nyasi sawa, lakini mmesahau mwezi huu ni Februari. Sungura anastarehe kwenye nyuzi 15 hadi 21 za joto. Ikivuka 30 na unyevu wetu huu anaanza kuhema, masikio ya moto, anajilaza kama kitambaa. Mnyama wa joto kali hupunguza kula, na asiyekula hana choo. Banda lake linapigwa jua la alasiri, kasema mwenyewe.

Tena maji kwenye kopo la plastiki juani yanakuwa uvuguvugu, hayanywi. Sungura anahitaji mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo kwa siku. Huyu wa kilo 2.45 ni kati ya mililita 120 na 370. Pima: jaza 400 asubuhi, kesho asubuhi pima zilizobaki. Weka kopo jingine la ukubwa uleule pembeni, mbali na yeye, ujue jua limenyonya kiasi gani, utoe hesabu hiyo.

Tiba ya joto ni chungu au bakuli zito la udongo badala ya plastiki, kivuli cha makuti au gunia lenye maji upande wa jua, na chupa ya nusu lita ya maji yaliyogandishwa, uifunge kitambaa uiweke kona moja aegemee akitaka. Usimmwagie maji mwili mzima.

#10 Mzee_Nanasi
Yote hayo ni porojo. Nywele kwenye choo maana yake tumboni kuna bonge la nywele. Kamua nanasi bichi, vijiko viwili kwa siku, bonge linayeyuka. Nanasi la kopo halifai. Papai bichi nalo linafaa.

#11 Mkia_Mfupi
Mzee, heshima yako, hapo sikubali. Kimeng'enya cha nanasi na kile cha papai vinavunja protini ya nyama. Nywele ni keratini, haviiyeyushi. Sukari iliyomo kwenye juisi ndiyo inayofika, na kwa utumbo uliozubaa sukari ni kuni kwenye moto. Kama juisi iliwahi kuonekana kusaidia, ni kwa sababu ya maji yaliyomo.

Na nywele tumboni kila sungura anazo, anajilamba siku nzima. Hawezi kutapika kama paka, kwa hiyo lazima zipite chini. Utumbo wenye nyuzi na maji unazipitisha bila kuonekana. Mwendo ukipungua ndipo zinakusanyika na kukauka. Bonge mara nyingi ni matokeo, chanzo kiko kwingine.

#12 Mzee_Nanasi
Wewe soma vitabu vyako, nanasi linabaki nanasi.

#13 Fundi_Meno
Mnyororo una maelezo matatu, na hakuna aliyemuuliza mleta mada ni upi.

Moja, anabadilisha manyoya. Pitisha kiganja chenye maji mgongoni, ukitoka na nywele tele ni hilo. Chana kila siku kwa wiki mbili.

Mbili, jike anajing'oa nywele za kifuani na kubeba majani mdomoni. Hiyo ni mimba ya uongo, huchukua siku 16 hadi 18 kisha inaisha yenyewe. Inatokea hata akipandwa na jike mwenzake, au akikaa karibu na dume.

Tatu, anakula nywele zake makusudi kwa kukosa nyuzi. Utaona mabaka yaliyokatwa kama kwa mkasi, hasa mabegani na mbavuni.

Kisha kitu kingine. Kupungua gramu 150 kwa mnyama wa kilo 2.6 ni karibu asilimia 6. Hiyo si ya kudharau. Mtazame kidevu: kikiwa kimelowa, fikiria meno. Meno ya sungura hayaachi kukua, na magego yasipopata nyasi za kusaga yanaota ncha zinazochana ulimi au shavu. Mwenye ncha hizo anachagua laini na kuacha gumu, anakimbilia chakula kisha anageuka, na goroli zinapungua ukubwa siku baada ya siku. Meno ya mbele yakiwa sawa haimaanishi ya nyuma ni sawa. Ya nyuma yanahitaji daktari na kifaa cha kumulikia, usijaribu kumfunua mdomo kwa kijiko.

#14 Mtu_wa_Goba
Mpaka sasa: wavu, pumba, jua, bonge, mimba hewa, meno. Bado uchawi tu.

#15 Sirinji_10
Turudi kwenye hiyo OTC, maana wengi wanasoma bila kuchangia. Antibayotiki za mdomo zinaua sungura. Amoksisilini, ampisilini, linkomisini, klindamisini, eritromisini: zinafyeka bakteria wema wa sekamu, wale wa sumu wanashika nafasi, siku chache baadaye anaharisha maji na kufa. Watu wanafungua vidonge vya binadamu vya rangi mbili wanawapa sungura. Msifanye.

#16 Dawa_Baridi
Sahihisho kwa #15. OTC ni oksitetrasaiklini, haimo kwenye hilo kundi ulilotaja. Hatari yake ni ndogo zaidi na hutumika kwa sungura. Usitie watu hofu kwa jina lisilo lenyewe.

#17 Sirinji_10
Nakubali, sikuitenganisha vizuri. Hata hivyo kumwekea kwenye maji huyu wa #1 bado ni kosa. Hakuna aliyegundua bakteria wa kutibiwa. Dozi hujui, kwa kuwa hujui anakunywa kiasi gani, na anayeumwa hunywa kidogo. Tena maji yakibadilika ladha atapunguza zaidi, wakati shida yake inaweza kuwa ukavu. Dawa za sungura anazoandika daktari mara nyingi ni enrofloksasini au salfa zenye trimetoprimu, kwa uzito, moja kwa moja mdomoni au kwa sindano.

#18 Dawa_Baridi
Hapo tuko pamoja.

#19 Chanika_Shamba
Samahani naingilia. Wangu wana wiki 6, nimewaachisha wiki iliyopita. Wawili wanatoa ute mweupe kama uji wa wanga, tumbo limejaa, ukiwatikisa unasikia maji. Hawali. Ni hayohayo?

#20 Mkia_Mfupi
Si hayohayo, wako wana haraka. Ute mtupu, tumbo lenye maji na umri huo baada ya kuachishwa ni ugonjwa wa utumbo wa ute, na wengi wake hufa. Watenge leo, wape joto, mtafute daktari wa mifugo leo hii. Kesho umechelewa.

Umri huo ndio mbaya kuliko yote. Tumbo la mtoto anayenyonya halina asidi kali, maziwa yanamlinda. Anapoachishwa, kinga ya maziwa imeondoka na asidi ya mtu mzima bado haijatulia, huku sekamu ikijifunza wanga kwa mara ya kwanza. Wape waliobaki nyasi kavu tu, peleti kidogo sana, mchicha simamisha.

#21 Dawa_Baridi
Kwa watoto wa wiki 4 hadi 12 mimi naanza na koksidia, vimelea vidogo mno, hadi nithibitishiwe vinginevyo. Kuna ile ya utumbo, na ile ya ini inayoacha madoa meupe kwenye ini, wanaochinja wanaijua. Mayai yake hutoka na kinyesi yakiwa bado hayaambukizi, yanahitaji zaidi ya siku moja ya joto na unyevu kukomaa. Dar joto na unyevu ni vya bure. Ndiyo maana kufagia kila siku, tena kila siku kweli, kuna nguvu kuliko dawa. Jiki haiyaui. Maji yanayochemka na jua kali juu ya sakafu kavu yanafanya kazi.

Amproliumu na salfa zinapunguza mayai, hazisafishi banda. Ukitibu ukawarudisha kwenye sakafu ileile umetupa hela.

#22 Maabara_Kona
Kabla ya kutibu, pima. Maabara ya mifugo ya TVLA ipo Temeke. Sampuli ni goroli 20 hadi 30 mbichi, za asubuhi, usichanganye na mkojo, weka mfuko safi, funga, tia kwenye ndoo yenye barafu, fikisha siku hiyohiyo. Ukizipeleka baada ya siku nzima kwenye buti la gari unawapa kitu kingine.

Mwenye hadubini anaweza kufanya mwenyewe: chumvi ya jikoni gramu 400 kwenye lita ya maji ya moto, koroga mpaka iishie kuyeyuka, acha ipoe. Ponda gramu 2 au 3 za kinyesi kwenye mililita 40 za hayo maji, chuja kwa chujio la chai, jaza kichupa hadi mdomoni, funika kwa kigae chembamba cha kioo, subiri dakika 15. Mayai yanaelea na kunasa kwenye kioo.

Mitego miwili. Kwanza, sungura ana hamira yake ya kawaida tumboni, vidude virefu vya mviringo, wasiozoea wanavihesabu kama koksidia na kuandika dawa. Pili, mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa na mayai machache siku zote. Kuonekana kwa mayai hakutoshi, angalia wingi na mnyama mwenyewe.

#23 Chanika_Shamba
Asanteni. Mmoja amekufa tangu niandike. Wa pili yuko kwa daktari.

#24 Bibi_Karoti
Pole sana mwanangu.

#25 Masika_Tena
Pole mkuu. Hiyo mimi naona ni majani yenye umande. Majani mabichi yenye maji yanaharisha sungura, kila mfugaji anajua.

#26 Ukoka_Tegeta
Kila mfugaji anasema, sijui kama anajua. Maji juu ya jani ni maji tu, sungura wa porini anakula umande kila alfajiri. Kinachoumiza ni majani yaliyolowa yakarundikwa kwenye kiroba, yakapata joto, yakaanza kuchacha. Shika katikati ya rundo: ukisikia uvuguvugu, usiwape.

#27 Dawa_Baridi
Na masika nyasi ni changa, laini, nyuzi kidogo, sakafu haikauki na koksidia zinachanua. Mambo matatu yanakuja pamoja, lawama anabeba umande.

#28 Masika_Tena
Basi mimi naendelea kuyaanika kwanza. Sijapoteza kitu.

#29 Mtu_wa_Goba
Swali la pembeni. Jirani ana wa madoadoa, mweupe karibu mwili mzima, ana duara jeusi machoni na masikio meusi, basi. Choo chake ni kikubwa mara mbili ya kawaida, hakina umbo, kinateleza, tangu utotoni. Anakula vizuri tu.

#30 Fundi_Meno
Madoa machache namna hiyo, chini ya sehemu moja ya kumi ya mwili, hutokea akirithi jeni ya madoa kutoka kwa baba na mama wote wawili. Wengi wao utumbo mpana una hitilafu ya kuzaliwa, ile kazi ya kuchekecha aliyoeleza #3 haiendi sawa. Hakiponi, kinasimamiwa: nyasi nyingi, maji, mabadiliko ya chakula taratibu mno. Siku goroli zikikoma ni hatari zaidi kwake kuliko kwa mwingine. Asimpandishe na mwenye madoa mwenziwe.

#31 Bibi_Karoti
Na mkojo mwekundu je? Wangu jana alinitisha, rangi kama soda ya zambarau.

#32 Sirinji_10
Mara nyingi ni rangi za mimea tu, hubadilika baada ya siku mbili tatu. Mkojo mweupe kama chokaa nao ni kalisi anayoitoa. Damu huonekana kama matone au mistari ndani ya mkojo wa kawaida, na akijikamua kwa shida hiyo ni safari ya daktari.

Ila nisisitize kilicho kikubwa kwenye uzi huu, maana mleta mada goroli zake zinapungua. Zikikoma kabisa na akaacha kula, hesabu saa. Zikipita saa 10 hadi 12 hivyo ni dharura, usingoje kupambazuke. Dalili ni kujikunyata, kusaga meno kwa sauti, masikio ya baridi. Joto la mwili ni nyuzi 38.5 hadi 40, likishuka chini ya 38 mpe joto kwanza, chupa ya maji moto iliyofungwa taulo, kabla ya kumlisha chochote.

Kulisha kwa sirinji: peleti za nyasi zilizolowekwa maji ya uvuguvugu, sagwa hadi iwe uji unaopita. Mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa mlo, mara nne kwa siku, ingiza kwa pembeni nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, asubiriwe ameze. Ukisukuma kwa nguvu unampelekea mapafuni.

Na hapa ndipo wengi wanapochemka: tumbo likiwa gumu na limevimba kama ngoma, USIMLISHE. Huenda kuna kizuizi, na kwa kuwa hatapiki, unajaza puto. Huyo ni daktari tu, na dawa ya maumivu anaitoa yeye.

#33 Bibi_Karoti
Mtindi je? Kurudisha wale bakteria wema.

#34 Dawa_Baridi
Tumbo la sungura mkubwa lina asidi kali, kipimo cha pH 1 hadi 2, bakteria wa mtindi wengi hawavuki. Na hajaumbwa kwa maziwa. Kama unataka kupandikiza bakteria, kile kifungu cha zabibu cha sungura mzima, kikiwa kibichi, kimepondwa kwenye uji wa sirinji, kina bakteria wa sekamu wenyewe.

#35 Mtu_wa_Goba
Nilikuwa nakunywa chai.

#36 Kizimba_Tabata
Wakuu nimerudi, siku ya tisa. Nilivyofanya: banda nimelihamishia upande wa mashariki, bakuli la udongo, ukoka mkavu bila kikomo, pumba nimeshusha hadi kijiko kimoja. Kipimo cha kwanza cha maji kabla ya kubadilisha kilikuwa mililita 90, sasa ni 210. Visigino vizima, kidevu kikavu, kifua hakijang'olewa, mabaka hakuna. Mgongoni nywele zinatoka kidogo. Goroli zimekuwa kubwa na zina rangi ya kahawia, mnyororo nimeuona mara moja tu. Uzito kilo 2.47.

Lakini zabibu bado nazikuta, siku mbili kati ya tatu.

#37 Joto_la_Mbagala
Maji! 90 hadi 210. Nilisema.

#38 Ukoka_Tegeta
Alikunywa zaidi kwa sababu anakula kikavu, bwana. Ni nyasi.

#39 Mzee_Nanasi
Angeweka nanasi angemaliza siku tatu.

#40 Fundi_Meno
Umebadilisha vitu vinne kwa mkupuo, hutajua kipi kimefanya nini. Sikulaumu, mimi pia nisingengoja. Ila gramu 20 kwa siku tisa ni kama hajaongezeka, na zabibu zinabaki. Magego bado hayajaangaliwa.

#41 Mkia_Mfupi
Au majani ya jioni ni mengi. Protini ikizidi anakibakiza kwa sababu ameshiba. Punguza matembele nusu, wiki moja, usiguse kingine.

Na mpanguse nyuma kila siku kikiganda kwenye manyoya. Nzi wa Dar wakitaga hapo, funza unaweza kuwaona ndani ya saa 24.

#42 Bibi_Karoti
Hivi hizo goroli ni mbolea nzuri? Nataka kumwaga kwenye tuta la mchicha.

#43 Ukoka_Tegeta
Nzuri, haiunguzi kama ya kuku. Ila mchicha wa tuta hilo ule wewe, upikwe. Usimrudishie sungura. Dawa_Baridi ameeleza mayai ya koksidia huko juu, unampikia mzunguko mzima kwenye sahani moja.

#44 Kizimba_Tabata
Eh. Mchicha ninaompa unatoka kwenye tuta la nyuma ya banda. Mbolea yake ni hiyohiyo.

#45 Dawa_Baridi
Tangu lini?

#46 Kizimba_Tabata
Krismasi.

#47 Maabara_Kona
Goroli 20 hadi 30, za asubuhi, barafu kwenye ndoo. Temeke.